Mama mkwe anaitamani treni ya Machu Picchu, mimi naogopa. Je, nimzuie?

Shikamoo Shangazi,

Naandika saa saba usiku, wenzangu wote wamelala. Tunaishi Houston, Texas, huu ni mwaka wa kumi na nane. Tumejaliwa watoto wawili: binti wa miaka 17 aliyemaliza sekondari mwezi huu, na mdogo wake wa kiume, miaka 13. Mama mkwe wangu, ambaye ana miaka 69, amekuja kutoka Korogwe kwa ajili ya mahafali ya mjukuu wake na atakuwa nasi mpaka Septemba.

Zawadi ya binti ni safari ya Peru. Amesoma Kihispania miaka minne na picha ya Machu Picchu, yale magofu ya Wainka, wenyeji wa kale wa Peru, iko ukutani kwake tangu alipoanza. Baba yake amebeba zamu za ziada mwaka mzima. Tumekata tiketi za watu watano kwa mwezi wa Julai: ndege hadi Lima, ndege nyingine hadi Cusco, tunalala Cusco siku mbili, kisha tunapanda ile treni yenye vioo mpaka kwenye paa, inayofuata mto hadi Aguas Calientes, mji mdogo ulio chini ya magofu. Viza ya mama imeshatoka.

Marehemu baba mkwe alikuwa fundi wa reli, njia ya Tanga kwenda Arusha, na mama amelelea watoto wake wote kwenye nyumba za reli pale Korogwe. Tangu binti yangu amwonyeshe video ya treni hiyo, anakaa sebuleni anairudia na kuirudia. Juzi aliisimamisha akatuambia, "Hii reli ni nyembamba kuliko ya kwetu, angalieni vizuri." Anapenda hasa pale treni inapotoka Cusco kwa kwenda mbele na kurudi nyuma ili iweze kuupanda mlima. Sijamwona na uso ule tangu tumzike mzee.

Sasa tatizo, Shangazi. Mama ana presha, mwaka wa kumi sasa yuko kwenye vidonge. Mwenzangu wa kazini alikwenda Cusco, anasema kichwa kilimgonga siku mbili na alitapika, na yeye ni mtu wa mazoezi. Nilipomwambia mume wangu kwamba pengine mama abaki hapa kwa rafiki zetu, alinyamaza kwanza, halafu akaniuliza, "Kwa nini hutaki mama yangu afurahi?" Tangu siku hiyo tunaongea ya lazima tu. Wifi naye amepiga simu kutoka Dar, amenisema. Nimegeuka mkwe mbaya anayemwonea wivu bibi mzima kwa safari ya treni.

Kijana naye ana selimundu, ila tangu aanze dawa ya haidroksiurea hajalazwa hospitali miaka miwili, na mwaka juzi tulimpeleka Tanga akarudi salama, kwa hiyo yeye sina wasiwasi naye sana. Mama mkwe hajui habari hiyo. Tulimwambia ni mifupa tu inamsumbua wakati wa baridi.

Naomba unishauri. Nimzuie mama kwa nguvu na nikubali lawama, au ninyamaze tuende, nimwachie Mungu?

Mama wa Wawili, Houston

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilimfuata mama mkwe, kama ulivyotaka nifanye. Mara ya pili nilisimama kwenye aya moja karibu na mwisho, ile fupi, na mpaka sasa sijatoka hapo. Umeandika kwamba kijana huna wasiwasi naye "sana". Hiyo "sana" ndiyo iliyokuamsha saa saba usiku.

Nitarudi kwa mama. Lakini tuanze na mtoto, kwa sababu katika watu watano mliowakatia tiketi, aliye kwenye hatari kubwa kuliko wote ni yeye.

Cusco iko kiasi cha mita 3,400 kutoka usawa wa bahari. Kwa kipimo cha nyumbani, wapandaji wa Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hulala usiku wa kwanza Mandara, mita 2,700 hivi, na wa pili Horombo, mita 3,700 hivi. Kwa hiyo anayelala Cusco amelala kati ya Mandara na Horombo. Tofauti ni kwamba mpandaji anafika huko kwa miguu, siku kwa siku, na ninyi mtatoka Lima kwenye ufukwe wa bahari na kufika kwa saa moja na robo ya ndege. Katika urefu ule, kila pumzi unayovuta ina oksijeni pungufu kwa karibu theluthi moja.

Kwa mtu mwenye damu ya kawaida, upungufu huo mara nyingi ni kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi wa mang'amung'amu, basi. Kwa mtoto mwenye selimundu ni jambo jingine kabisa. Unajua, maana madaktari wamekueleza tangu alipochomwa kisigino kupimwa damu akiwa mchanga: chembe zake nyekundu zikikosa oksijeni ya kutosha hujikunja kama mundu, zikajazana kwenye mishipa midogo, na huo ndio mwanzo wa yale maumivu. Kupanda milima mirefu ni kuiondoa oksijeni makusudi. Ndiyo maana madaktari wa mambo ya safari huiweka selimundu kwenye kundi la maradhi yasiyoruhusu mtu kupanda juu, na tahadhari yao huanzia kwenye mita 2,000 hivi.

Utaniambia, hajalazwa miaka miwili. Namshukuru Mungu pamoja nawe. Haidroksiurea ni dawa nzuri, imewapunguzia watoto wengi maumivu. Lakini miaka hiyo miwili ameiishi Houston, mji ulio karibu sawa na bahari, na Tanga mliyompeleka iko ufukweni. Afya aliyoionyesha ni afya ya bondeni, na mlimani hajawahi kujaribiwa. Hata ndani ya ndege, hewa hukandamizwa ili abiria asihisi zaidi ya mita 2,400 hivi, naye amekaa kitini, anakunywa maji, na baada ya saa kadhaa anashuka. Cusco mngemlaza, mngemtembeza kwenye mawe, na baridi ya usiku wa Julai kule juu hushuka hadi kwenye sifuri.

Hapa watu wengi huchanganya, na pengine mume wako pia. Picha ya Machu Picchu ikiwa ukutani, mtu hudhani magofu ndiyo yaliyo juu kabisa na treni inapanda kuyafuata. Ni kinyume chake. Magofu yako mita 2,430, karibu mita 1,000 chini ya Cusco. Ile treni, ikishatoka Ollantaytambo ambako ni mita 2,790 hivi, inateremka na mto Urubamba mpaka Aguas Calientes, mita 2,040 hivi. Milima mikavu inakuwa mibichi, ukungu unaingia, miti inajaa. Kwa hiyo adui yenu ni ule usiku wa kwanza Cusco. Habari hiyo ni njema kwa mama mkwe, nitakuambia kwa nini. Kwa kijana haisaidii, kwa sababu ndege inatua Cusco, na barabara ya kuelekea bondeni inayopita Chinchero inapanda kwanza hadi mita 3,700 na kitu kabla haijashuka. Na huko chini kabisa bado mko juu ya ile mita 2,000.

Kuna jambo jingine ambalo mzazi wa mtoto wa aina hii hana budi kulijua. Aguas Calientes haina barabara ya magari inayoiunganisha na Cusco. Unaingia kwa treni au kwa miguu, na unatoka vivyo hivyo. Januari 2010 mvua ilikata reli, na maelfu ya watalii wakabaki wamenasa mle bondeni mpaka helikopta zikawatoa. Januari 2023 palikuwa na maandamano nchini, treni zikasimama na magofu yakafungwa. Julai ni kiangazi kule, reli haina tabu ya mvua. Lakini mtoto akibanwa na maumivu ya kifua saa nne usiku, hakuna gari la wagonjwa litakaloanza safari ya kwenda Cusco saa hiyo. Mtasubiri treni.

Kwa hiyo jibu langu kuhusu kijana ni hapana. Asipande Cusco. Usilichukue kwangu kama neno la mwisho: piga simu kesho asubuhi kwa daktari wake wa damu, mtajie mji, mtajie mita 3,400, mwambie ni Julai, mwombe awape miadi kabla ya wiki kwisha. Na miadi hiyo baba yake awepo. Nasisitiza baba yake awepo. Ukienda peke yako ukarudi na neno "hapana", litakuwa "hapana" lako, kama ile ya mama. Mwache alisikie kinywani mwa daktari, na kijana mwenyewe awe amekaa hapo. Miaka 13 si mtoto wa kuzungumziwa pembeni. Mwili ni wake, na baada ya miaka michache atakuwa anasafiri na marafiki zake, wewe haupo. Ni heri ajue leo kwa nini kuna milima ya kuitazama kutoka chini.

Sasa mama.

Presha iliyotulia kwa dawa, peke yake, haimzuii mtu wa miaka 69 kufika Machu Picchu. Wazee wengi wenye vidonge mfukoni hufika kila siku. Presha isiyotulia ni hadithi tofauti, maana siku za mwanzo za mwinuko huipandisha zaidi. Kwa hiyo hapa hakuna cha kubishana sebuleni: apimwe. Mpelekeni kwa daktari wiki hii, apimwe presha siku kadhaa mfululizo, asikilizwe moyo na mapafu, na mwulizeni daktari kuhusu asetazolamidi, dawa inayosaidia mwili kuuzoea mwinuko, kama inafaa kuchanganywa na vidonge vyake. Akiruhusiwa, aende. Akikataliwa, amekataliwa na daktari, na wewe utakuwa umesimama upande wake.

Akiruhusiwa, lakini, mpango wa kulala Cusco siku mbili za mwanzo ufutwe. Ndege ya asubuhi ikitua, wapande gari moja kwa moja mpaka Ollantaytambo, mwendo wa saa mbili hivi. Chinchero watapita tu, hawatalala. Walale Ollantaytambo siku mbili, wale chakula chepesi, watembee polepole, maji kwa wingi. Watapewa chai ya majani ya koka kila mahali, ni desturi ya kule na haina ubaya kwa wengi, ila mwenye presha amuulize daktari kwanza, na mtu yeyote asiweke hata pakiti moja ya majani hayo kwenye begi la kurudia, sheria ya Marekani hairuhusu. Siku ya tatu ndiyo treni. Cusco wataitembelea mwishoni, mwili umeshazoea, nusu siku kabla ya ndege.

Najua maana yake: mama ataikosa ile sehemu ya mbele na nyuma, inayoanzia kituo cha San Pedro mjini Cusco. Mwambieni mapema, msimfiche, yeye ni mtu wa reli na atauliza. Nafuu yake ni kwamba sehemu nzuri kuliko zote, ile ya mto na korongo, inaanzia pale pale Ollantaytambo. Na mwambieni jicho lake halikumdanganya. Reli ya kwetu ina upana wa mita moja kamili kutoka chuma hadi chuma. Ile ya Machu Picchu ina milimita 914. Mama wa watu ameiona tofauti ya sentimita nane na nusu hivi kwenye video! Mzee wake angekuwa hai angetembea na jambo hilo mtaa mzima.

Kule juu kwenyewe, msimkimbize. Kutoka Aguas Calientes kuna basi dogo linalopanda kona kwa kona karibu nusu saa, asipande kwa miguu. Tangu Juni 2024 wageni hawazururi watakavyo, kuna njia zilizopangwa na saa ya kuingia imeandikwa kwenye tiketi. Wazee huelekezwa njia ya tatu, ya sehemu ya chini, yenye ngazi pungufu. Ngazi zile ni za mawe ya watu wa karne ya 15, enzi za mfalme Pachakuti, hazilingani urefu na nyingi hazina pa kushika. Vyoo viko nje ya lango tu, ndani hakuna, na ukitoka tiketi imekwisha. Nakutajia choo kwa sababu baadhi ya vidonge vya presha humfanya mtu aende haja ndogo mara kwa mara, na mwanamke wa miaka 69 hatamwambia mtoto wake wa kiume jambo hilo katikati ya magofu. Binti yenu alijue kabla. Na akifika Aguas Calientes akasema amechoka, treni imemtosha, basi imemtosha. Asivutwe mkono kwa sababu tiketi imelipiwa.

Jambo gumu nimelichelewesha. Huwezi kumwacha kijana nyuma bila kumwambia bibi yake sababu, na sababu mmeificha miaka 13.

Siwahukumu. Kwetu alikuwepo mtoto wa kaka yangu. Wakubwa walisema "ana mifupa", kwa maneno yale yale uliyoyaandika wewe, na shule ikaambiwa hivyo, na mimi mwenyewe nilipomsikia analia usiku nilimkanda kwa maji ya moto nikiamini ni mifupa. Siku niliyolijua jina la ugonjwa wake alikuwa ameshazikwa. Methali ya mficha maradhi unaijua, sitakumalizia.

Mnaogopa nini hasa? Nadhani mnaogopa lile swali la ukoo: umetoka upande gani? Jibu lake mnalo. Selimundu haitoki upande mmoja. Mtoto anaugua akipokea chembe ya urithi kwa baba na nyingine kwa mama. Wewe unayo, mume wako anayo, hamjawahi kuugua, na kila mimba mliyobeba ilikuwa na nafasi moja kati ya nne. Mume wako naye hakuiokota njiani. Aliipata kwa mmoja wa wazazi wake, kwa mzee wa reli au kwa huyu mama aliyeko sebuleni kwenu. Hakuna mkwe wa kulaumiwa hapo, wala mwana.

Na hilo lina uzito katika safari yenyewe. Mama anaweza kuwa mbebaji, yaani mwenye chembe moja tu ya urithi huo, bila kujijua. Wabebaji huishi maisha ya kawaida, wengi wao hupanda milima wakarudi salama. Lakini mara chache, huko juu, bandama ya mbebaji hukosa damu na kuharibika. Dalili yake ni maumivu makali upande wa kushoto, chini ya mbavu. Kwa hiyo akipimwa presha, apimwe na hili, ni damu kidogo tu. Mume wako tayari tunajua ni mbebaji, amwulize daktari kwa ajili yake mwenyewe. Na binti: umeandika mdogo wake "ana selimundu", yeye hukumtaja. Kutokuwa na ugonjwa si sawa na kutokuwa na chembe. Majibu yake ya kile kipimo cha utotoni yatafuteni kabla ya Julai. Yeyote kati yao akisikia maumivu hayo ya ubavu, asisubiri kesho, ateremke na aende hospitali.

Nani amwambie mama? Mtoto wake. Wewe usitangulie. Ukilitamka wewe, baada ya haya yaliyotokea, litasikika kama umekuja kuutaja ukoo wake. Mume wako akae naye, wao wawili, jioni yenye utulivu, amwambie: "Mama, kuna jambo la mjukuu wako tulipaswa kukuambia zamani." Atalia. Pengine atakasirika kwamba mlimwona mgeni. Mwacheni akasirike, ana haki. Baadaye wewe ingia, mpigie goti kama mnavyofanya kwenu, umwombe radhi. Na huenda bibi aliyekwishalea nyumba nzima ya watoto akamkumbuka mtu fulani katika ukoo, mdogo aliyeondoka mapema, ambaye nao walisema ni mifupa.

Kwa mume wako una sentensi moja tu ya kuanzia, na ni ya kweli: "Nilisema mama, lakini ninayemwogopea ni mtoto, na nilishindwa kulitamka." Usiongeze habari za wifi. Wala usimkumbushe alichokujibu. Mwanaume aliyebeba zamu mwaka mzima ili wote watano wakae kwenye behewa moja, unakwenda kumwambia picha hiyo haitakuwepo. Mpe muda wa kuumia.

Wapo watakaokushauri muahirishe safari nzima, mwende wote au asiende mtu. Mimi sikubaliani nao. Binti ameisubiri miaka minne. Mama ana 69 na hatapata viza nyingine kirahisi. Na kijana, mkimfanya awe sababu ya watu wote kukosa, mtampa mzigo mzito kuliko ugonjwa. Safari igawanywe.

Lima iko baharini, huko anakwenda bila shida ya mwinuko. Na huko yako magofu ya Wainka pia, jambo ambalo wengi hawalijui. Kiasi cha kilomita 30 kusini mwa jiji, juu ya vilima vya mchanga vinavyotazama Bahari ya Pasifiki, kuna Pachacamac. Palikuwa mahali pa ibada na uaguzi karne nyingi kabla ya Wainka. Wainka walipofika karne ya 15 hawakuthubutu kumfukuza mungu wa wenyeji. Walimwacha na hekalu lake, wakajenga la kwao la Jua kando yake, kwa matofali ya udongo, kubwa sana. Mwaka 1533 Mhispania Hernando Pizarro alifika pale akitafuta dhahabu ya kumkomboa Atahualpa, mfalme wa Wainka aliyekuwa ametekwa na Wahispania. Jumba la makumbusho la hapo hapo lina sanamu ya mti iliyoabudiwa. Anzeni hapo, wote watano, siku mbili au tatu za mwanzo. Familia nzima itakuwa imekanyaga magofu ya Wainka pamoja, na picha ya watu watano itakuwepo. Kisha watatu wapande Cusco kwa siku nne au tano, wawili wabaki Lima, mkutane tena.

Mkiwa Lima, koti la kijana liwe la kweli. Julai ni baridi ya unyevu kule, ukungu kutwa, nyuzi 15 hadi 19 hivi, na baridi ni adui yake hata pasipo mlima. Na mtu akiwaambia kuna treni nyingine nzuri inayoanzia Lima kupanda milimani, mkatae: hiyo inafika mita 4,781.

Anayebaki na kijana nadhani ni wewe. Mama atahitaji mkono wa mwanawe kwenye zile ngazi. Maana yake Machu Picchu hutaiona mwaka huu, na ninalisema wazi kwa sababu katika barua nzima hukuandika hata mstari mmoja kama na wewe ulikuwa unaitamani. Nasikitika kwa ajili yako. Mwambie mume wako pia, ajue nawe umeacha kitu.

Tiketi za treni na za magofu zina majina na namba za pasipoti, kwa hiyo tiketi zenu mbili huenda fedha yake isirudi. Acheni ipotee. Wanaokwenda wachukue pasipoti zenyewe mkononi, nakala haitoshi. Mabegi makubwa wayaache hotelini Ollantaytambo, treni inapokea begi dogo tu, na dawa za mama ziwe kwenye begi hilo, zisiachwe na nguo.

Kijana umwulize mwenyewe anataka kufanya nini siku zenu za Lima, na mfanye hicho, hata kama ni kula ceviche, samaki mbichi wa ndimu, mchana na jioni. Na tiketi ya mama ibadilishwe mapema ili apate kiti cha dirishani, upande wa kushoto wakati wa kwenda. Mto uko upande huo.

Shangazi